Kona ya Dirishani

Cherehani ya fundi ililetwa nyumbani kwa mkokoteni Jumamosi asubuhi, saa ambayo nusu ya majirani walikuwa uani wanaanika nguo na nusu nyingine wamekaa wanawatazama wanaoanika. Haikuwa cherehani ya kushonea magauni. Ilikuwa ile kubwa ya ngozi na maturubai, chuma kitupu, imefungwa kwenye meza yenye miguu mizito, na ili kuivusha getini ilibidi mwenye mkokoteni na fundi mwenyewe waibebe huku wakihema na kulaumiana. Kila mtu akajua, bila kuambiwa, kwamba fundi ametolewa kwenye kibanda chake.

"Umehamia nyumbani, Fundi?" akauliza jirani wa mlango wa tatu, mama ambaye hakupitwa na jambo.

"Nimeileta ipumzike kidogo," fundi akajibu, akicheka kicheko cha mtu asiye na la kucheka.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Siku hiyo aliijua inakuja. Mwenye kibanda alishawaambia kwamba mahali pale pamepata mpangaji mwingine, muuza simu, na fundi alikuwa amezunguka mji mzima kutafuta pengine pa kushonea sofa, akarudi mikono mitupu. Lililobaki lilikuwa moja tu, cherehani itakaa wapi. Hilo hawakuwa wameliongea. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze.

"Tuiweke barazani," fundi akasema kabla mkewe hajafungua mdomo. "Kwa sasa tu. Halafu tutaona."

Mke akashusha pumzi. Papo hapo aibu ikamshika, kwa sababu alijua vizuri alichokuwa anakishukuru.

*

Walikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa sebule, jiko na stoo kwa mpigo, na humo ukitaka kugeuka ulipaswa kwanza kumwomba mwenzako atoke. Sofa yao ilikuwa imechanika upande mmoja, maana fundi wa sofa hushona za wenzake, na wageni wazoefu walijua pa kukalia na pa kukwepa. Cha nyuma kilikuwa cha kulala, na huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Kitanda kilisukumwa hadi ukutani, kabati likasukumwa hadi likagusana na kitanda, masanduku yakapandishwa juu ya kabati hadi karibu na dari. Yote hayo ili kona moja, ile ya dirishani, ibaki tupu. Hapakuwa na kiti hapo, wala ndoo, wala hata msumari ukutani. Jua la asubuhi liliingia likajilaza sakafuni bila kusumbuliwa na mtu.

Aliyeuliza aliambiwa kwamba chumba lazima kipumue. Watu walilikubali jibu hilo, kwa kuwa mwenye kulitoa alikuwa mpambaji wa nyumba, mtu anayelipwa na duka la samani kwenda kuwaonyesha matajiri wapi pa kuweka kiti na, zaidi ya yote, wapi pa kutoweka kitu. Pale dukani walimpachika jina la Mama Nafasi. Alipoitwa hivyo alicheka na wenzake, kisha akageuka kutafuta kitu cha kufanya. Wanawake wa rika lake waliitwa Mama Fulani kwa majina ya watoto wao, na yeye mtoto wake, kwa maneno ya utani, ndiyo ilikuwa hiyo nafasi.

Ukweli ni kwamba kona ile ilikuwa ya mtoto. Aliichagua wiki ileile waliyohamia, akiwa bado bibi harusi, kwa kuwa kitanda cha mtoto kinataka hewa na mwanga. Aliona haya kumwambia mumewe mapema vile, kabla hata ya dalili, ndipo akajificha nyuma ya maneno ya kazi yake. Mume akaona fahari kuoa mtaalamu. Tangu hapo akawa yeye ndiye anayewajibu wageni, "Mke wangu hataki pale paguswe. Hayo ni mambo ya taaluma yao." Miaka ikaenda, mtoto hakuja. Waliojua kuitana Baba Fulani na Mama Fulani waliendelea kuitana, na wao wawili wakabaki kuitana Fundi na Mwenzangu.

Na kulikuwa na jambo jingine, alilolijua mke peke yake. Kabla ya mvua za mwaka huo kuanza, daktari mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimwambia kwamba siku zake zimekatika mapema na kwamba mtoto wa tumboni mwake asimtarajie tena. Alimshukuru daktari, akamuuliza habari za nyumbani kwake, akaenda kazini. Nitamwambia mume wangu wiki ijayo, alijisemea, na wiki ijayo ikawa haifiki. Asubuhi yake akaamka akaifagia kona ya dirishani, kama kawaida, kabla ya kufagia popote pengine.

*

Wiki iliyofuata, cherehani ikiwa barazani, mke wa fundi alikuwa na kazi kwenye nyumba ya mama mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye watoto wake waishio mbali walililipa duka la samani ili sebule yake ipangwe upya. Kila zawadi aliyowahi kupewa ilikuwamo humo, na kila aliyempa alikuwa ametoa ya kung'aa.

"Yaani wanangu wamekulipa uniondolee vitu vyangu?" mwalimu akauliza.

"Hatuvitupi, mama. Tunavitoa vyote tunaviweka kule chumba cha pembeni, wewe ulale na sebule tupu. Kesho utaniambia kipi ulikitafuta. Hicho ndicho tutakirudisha."

"Na nisichokitafuta?"

"Hicho kilikuwa kimekukalia tu."

Mwalimu alicheka, akasema haya, tuone. Kesho yake aliomba kirudishwe kiti chake cha kusomea, meza ndogo, redio na picha ya marehemu mumewe. Basi. Hata yeye alishangaa. Mpambaji akavipanga upande mmoja, akauacha ukuta wa pili mtupu kuanzia sakafuni hadi juu, na chumba kilekile kikaonekana kimeongezwa. Mwalimu akakizunguka, mikono mgongoni, akafika mbele ya ukuta ule akasimama.

"Na hapa?"

"Hapa hatuweki kitu, mama. Hapa jicho linapumzika."

"Mpaka lini?"

Wateja huuliza kwa nini, huuliza kiasi gani, lakini mpaka lini hakuna aliyewahi kumuuliza mpambaji. Alijifanya anakunja futi yake ya kupimia.

"Mimi mahali patupu pananitia wasiwasi," mwalimu akasema. "Naona kama kuna mtu anakuja, na mimi sijui saa ya kumwandalia chai. Lakini ni pazuri, mwanangu. Sisemi si pazuri."

Njiani kurudi nyumbani, mpambaji alipitiliza kituo chake cha kushukia, akalazimika kurudi kwa miguu.

*

Pale barazani fundi alijikaza. Asubuhi alitandua turubai lililofunika cherehani, akaketi, akaanza kushona mito ya watu mbele ya macho ya nyumba nzima. Upepo ulimpeperushia vitambaa. Watoto wa majirani walimzunguka kuangalia sindano ikienda, na kila mara ilibidi aache kazi awafukuze wasije wakachomwa vidole. Mteja mmoja aliyezoea kumkuta kibandani alifika, akatazama ndoo za maji, kamba za nguo, fundi katikati yake, akauliza, "Ofisi ndiyo hii?" Kisha akakumbuka kwamba ana haraka, na mito yake ambayo haijashonwa akaondoka nayo kwapani.

Jirani wa mlango wa tatu naye hakulala na lake. "Mimi sina neno, Fundi," alisema, na anayeanza hivyo ana maneno. "Ila baraza ni la wote. Jana nusura nivunjike mguu na hayo machuma yako."

"Nisamehe, mama. Ni kwa sasa tu."

Jumapili akaja wifi, dada yake fundi, na mfuko wa viazi na mdomo wake. Alikuwa mtu wa kusaidia, hilo lazima lisemwe. Lakini msaada wake ulitangulizwa na maneno, ukafuatwa na maneno. Alikwenda moja kwa moja chumbani kuweka mkoba wake, akarudi sebuleni ameshika kiuno.

"Wifi, naomba niulize. Kaka yangu yuko nje na upepo unambeba, na wewe huku ndani umefuga kona?"

"Dada," fundi akasema kutoka mlangoni.

"Acha niseme. Kuna dirisha pale, kuna mwanga, kuna mahali pa kutosha. Nyumba za kupumua ni za wenye nyumba, wifi yangu. Sisi tukipumua wenyewe inatosha."

Mke wa fundi alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. Neno la kweli hakuwa tayari kulitoa, na lile la uongo, la taaluma, siku hiyo lilikataa kutoka.

"Dada, hayo ni mambo ya kazi yake," fundi akasema. "Mimi sijalalamika. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya kichwa changu," wifi akasema, akavuta kisu akaanza kumsaidia kumenya. Viazi vikamenywa kwa hasira na vikaisha upesi.

Wifi alipoondoka, mke alipiga moyo konde akaivamia sebule. Alifanya alichokifanya kwenye nyumba za watu, akatoa vitu vyote nje, akapima, akakaa chini akafikiri. Kabati la vyombo alilopewa na mama yake mzazi siku ya kuolewa alimpa jirani wa mlango wa tatu, ambaye kwa mara ya kwanza alikosa la kusema. Sofa iliyochanika ikasimamishwa kwa ubavu. Jioni cherehani ikaingia, na kweli ikaenea, na mke akasimama katikati akifuta jasho, karibu afurahi.

Lakini sebule ile haikuwa na dirisha. Fundi alikuwa na kazi ya ngozi nyeusi ya uzi mweusi, kiti cha ofisi cha mtu anayeheshimika, na chini ya taa ile ya manjano mstari ukaenda kombo kiasi cha kidole. Aliufumua. Nguo ukiifumua inasahau, ngozi haisahau. Matundu ya sindano yalibaki yamejipanga pale kwa mbele, kila mmoja akiyaona. Fundi aliyapitishia kidole huku na huku. Kesho yake alimwita mwenye mkokoteni, wakaibeba cherehani wakairudisha nje.

"Nje naona vizuri," alimwambia mkewe. "Usijali."

Alijali. Alijali usiku, alijali njiani, alijali akiwa juu ya ngazi anapima mapazia ya watu. Mara mbili alifungua mdomo amwambie ingiza chumbani, na mara mbili akauliza kama chai imetosha sukari. Si kwamba alimpenda mumewe kidogo. Kuitoa kona ile kungekuwa kukubali kwa mikono yake lile alilolisikia kwa daktari. Maadamu pale ni patupu, kuna anayengojewa, hata kama daktari amesema, hata kama mwili wenyewe umesema. Alikuwa akimtamani mtoto yule kwa namna ya ajabu. Alikuwa akimkumbuka, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

*

Mvua iliyomaliza shauri ilikuja alasiri, ya upande, yenye upepo. Alikuwa amerudi kazini mapema na aliiona tangu mwanzo wa mtaa ikielekea nyumbani kwake. Alipofika getini ilikuwa imepita na kuacha uani madimbwi. Turubai lilikuwa limening'inia kwenye kamba za jirani. Fundi alikuwa amepiga magoti barazani, kifua wazi, anaifuta cherehani yake kwa shati alilokuwa amelivaa. Alifuta chini ya meza, akafuta nyuma ya gurudumu, akalikamua shati akafuta tena. Majirani walikuwa milangoni mwao. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma mke zaidi.

Mkewe alisimama nyuma yake.

"Iingize ndani."

"Sebuleni giza, Mwenzangu. Tulishajaribu."

"Sikusema sebuleni."

Fundi aliacha kufuta. Hakugeuka mara moja. "Haina haja," akasema. "Nitatafuta turubai zito zaidi. Kuna mtu ameniahidi."

"Fundi. Shika upande ule."

Waliibeba wenyewe. Jirani wa mlango wa tatu alipiga hatua kuja kusaidia, akamtazama mke usoni, akabaki pale alipo. Waliipitisha sebuleni kwa ubavu, wakaipumzisha, wakaiinua tena, wakaingia nayo chumbani kinyumenyume. Kwa mazoea mpambaji alikuwa na futi yake mfukoni, lakini hakuitoa. Vipimo vya kona ile alivijua kwa moyo. Miguu ya meza ilikwaruza sakafu ikiacha mistari miwili, ikagusa ukuta wa kushoto, ikagusa ukuta wa dirisha, ikatulia. Hapakubaki hata pa kupitisha ufagio.

Fundi alivuta kigoda akaketi. Akaligeuza gurudumu taratibu kwa mkono, sindano ikashuka, ikapanda. Mwanga wa baada ya mvua ulikuwa umeingia dirishani na kuangukia juu ya meza, juu ya mikono yake.

"Mwanga mzuri," akasema.

Mke aliketi ukingoni mwa kitanda, nguo zake zikiwa na maji. Alisubiri asikie mashine ikianza. Haikuanza. Fundi alikuwa amempa mgongo, mkono umeshika gurudumu.

"Sasa tutamngojea wapi?" fundi akauliza.

Mke hakumuuliza ni nani. Alitaka kumuuliza nani, ili apate muda, akaona hawezi.

"Ulijua," akasema.

"Mtu anafagia mahali patupu kila asubuhi kabla ya kufagia alipolala. Ningedhani nini, Mwenzangu?"

"Mbona wageni uliwaambia ni mambo ya taaluma?"

"Si ndivyo ulivyoniambia mimi? Nikaona ndivyo unavyoweza kulibeba. Na mimi nikalibeba hivyohivyo." Akalifuta tone la maji kwenye meza kwa kiganja. "Siku zingine ukiwa kazini nilikuwa naingia nakaa hapa chini. Nakaa tu. Halafu narudi kibandani."

"Na ndiyo maana ukakubali kunyeshewa."

"Ningeweka chuma mahali pa mtoto?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeulizwa jambo la wazi, na mkewe akajua kwamba wiki ijayo imefika.

"Hatutamngojea tena, Fundi," akasema. Akamwambia. Alimwambia habari za daktari, maneno yake yote kama yalivyokuwa, hata ile sauti ya upole. Alimwambia alivyomuuliza daktari habari za nyumbani kwake. Alisema yote bila kulia, maana alikuwa ameyarudia sana kichwani, mpaka alipofika mwisho akaona hakuna tena la kusema.

Fundi aliliachia gurudumu.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua kuanza."

"Na ukawa unaifagia hivyohivyo."

"Nikawa naifagia."

Fundi akanyanyuka kwenye kigoda. Chumba sasa kilikuwa hakina pa kugeukia. Ilimbidi apite kwa ubavu kati ya meza na kitanda, akijishika kabatini, mpaka akafika na kuketi karibu na mkewe. Alimshika mkono. Ndipo mke akalia, kilio alichokiweka akiba miezi yote ile, na mumewe akalia naye, waziwazi, bila kujificha uso. Walimlilia mtu wao, wakiwa wametazama pale ambapo angekaa.

Kutoka uani jirani wa mlango wa tatu aliita. "Fundi! Kuna mteja wako hapa, anauliza kiti chake cha ofisi."

Fundi alijifuta uso kwa mkono. "Mwambie aje kesho," akaitikia. "Leo tumefiwa."